Kiumbe Asiye na Mdomo

Mama aliposogeza kitanda cha mtoto ili afagie uvunguni, aliukuta ukuta umejaa viraka vya manjano. Kila ufa, kila tundu la msumari, kila mahali plasta ilipobanduka palikuwa pamesokomezwa kipande cha sponji. Vidole vilivyoifanya kazi hiyo vilikuwa vidogo na vyenye subira, maana sponji ilikuwa imenyofolewa vipande kama punje za mahindi, vikasukumwa ndani mpaka vikakaza. Akainuka, fagio mkononi, akaufuata msururu ule wa manjano kutoka pembe moja hadi nyingine, ukamtoa humo na kumfikisha chumba cha pili, anacholala yeye na mumewe. Huko kazi ilikuwa imefanywa kwa bidii zaidi. Pale anapolaza kichwa mumewe, sponji ilikuwa tabaka juu ya tabaka, hata kwenye vitundu ambavyo sindano ingepita kwa taabu.

Hakung'oa hata kimoja. Alikaa kitandani, akaita, "Kasuku."

Mtoto akaja akasimama katikati ya mlango, mabega ameyabana ili yasiguse miimo, wa kulia wala wa kushoto.

"Umefanya wewe?"

Kasuku aliutazama ukuta kwanza, kisha akamtazama mama yake, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. Hakujibu. Tangu Jumapili alikuwa hajamjibu mtu, na hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ndiye huyu huyu ambaye mtaa mzima ulimpa jina la Kasuku kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Aliongea akila, aliongea akiogeshwa, aliongea mswaki ukiwa mdomoni mpaka povu likawapata walio karibu. Kanisani mama yake alimpakata kiganja kikiwa tayari kumziba mdomo. Sasa nyumba ilikuwa imebaki na sauti ambazo hawakuwahi kuzisikia: bomba linalodondoka, bati linalojinyoosha juani, na nyayo za mtoto anayetembea katikati ya vyumba, mbali na kuta, kama mtu anayevuka daraja lisilo na kingo.

Ili kukielewa kimya kile lazima urudi nyuma, na watu wa kanisa lile hawapendi mtu arudi nyuma. Kila uongozi unapobadilika, kumbukumbu hupigwa deki. Lakini wako wanaokumbuka. Kwanza ilikatazwa redio. Kisha likakatazwa gitaa, na kijana aliyekutwa nalo akavunjiwa mbele ya umati wa watu. Leo magitaa yamejipanga madhabahuni na spika zake kubwa kama kabati, na hakuna aliyemfuata yule kijana, ambaye sasa ana mvi, akamwambia samahani. Wanaokataza hawaulizwi. Wakigeuka, hawatangazi kwamba wamegeuka.

Adhabu ilikuwa benchi. Lilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, halina hata egemeo. Aliyeketishwa pale hakupewa mkono na mtu, hakuitwa ndugu, hakukaribishwa mezani kwa Bwana, mpaka wazee waridhike. Bibi yake Kasuku mzaa baba aliketishwa hapo kwa kosa la kusikiliza mchezo wa redio. Mwanawe, ndiye baba yake Kasuku, alikaa kando yake, miguu yake haijafika chini, akijifunza sura za migongo ya watu. Wazee waliomketisha wakafa kabla hawajaridhika. Waliowarithi hawakukumbuka kosa lilikuwa nini, wakaona heri aendelee kukaa tu. Mpaka anazikwa hakuna aliyemwambia asogee mbele.

Mtoto yule wa benchini alikua, akawa fundi makochi, mtu mpole mwenye mikono migumu, na hofu ya benchi lile akaibeba kama watu wanavyobeba jina la ukoo.

Televisheni zilipozagaa mtaani, Fundi alijua hawezi kushindana nazo. Akimzuia Kasuku nyumbani, ataangalia kwa jirani kupitia dirishani, tena bila mtu wa kumweleza lipi ni jema na lipi ni takataka. Akaona afadhali waangalie pamoja, rimoti ikiwa mkononi mwake. Jumamosi alasiri ikawa saa yao. Katuni zilitoka kibandani kwa muuza diski, nyingi zikiwa kwa lugha ambazo hakuna mtu mtaani aliyezielewa, na hapo ndipo Fundi alipopata pa kuingilia. Alizima sauti, akatafsiri. Hakujua neno hata moja la lugha zile. Alitazama midomo inavyocheza, akaweka maneno aliyoona yanafaa. Sungura alimwomba baba yake msamaha. Simba alikumbuka kushukuru kabla ya kula. Binti mfalme aliyekuwa akiimba dirishani, kwa jinsi Fundi alivyomsikia, alikuwa akikariri amri ya kuwaheshimu wazazi, neno kwa neno.

Kila palipo na jambo alisimamisha picha, akauliza. Nani hapa amefanya sawa? Huyu angeomba kabla ya kukimbia, ingekuwaje? Kasuku alibisha kama wakili. Kwa nini Mungu amsaidie mbuzi na asimsaidie mbwa mwitu, wakati mbwa mwitu ndiye mwenye njaa? Fundi angekuna kichwa, angetafuta jibu, na jibu lingepatikana, maana hakupenda mtoto aondoke mikono mitupu. Mama, aliyekuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, aliwasikiliza huku akinyoosha nguo zao wenyewe kwenye meza ya jikoni. Kuna siku aliweka pasi chini kabisa. "Baba Kasuku, mbona katuni zote zinaongea kama wewe? Hata huyo nyoka ana sauti ya mtu anayedaiwa kochi." Kasuku alicheka mpaka akaanguka. Ilikuwa saa bora kuliko zote za juma.

Habari zikamfikia mzee wa kanisa, yule ambaye vijana walimpachika jina la Forodha kwa sababu hakuna kitu kilichoingia nyumba ya mwumini asikikague. Safari hii hakukataza. Alimsifu. Akamsimamisha Fundi mbele ya wazazi wenzake awafundishe jinsi mzazi Mkristo anavyoweza kuzungumza na watoto juu ya filamu kwa mwanga wa Neno. Mwana wa yule mama wa benchi akasimama mbele, kanisa zima likamsikiliza, na migongo aliyoizoea ikawa nyuso. Kuhusu kutojua zile lugha hakusema. Hakuna aliyeuliza.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Asubuhi Kasuku alikuwa amekana kugusa sukari huku chembe zikimmetameta kidevuni, na Fundi akaliweka jambo hilo kiporo. Katuni ya siku hiyo ilimhusu msichana anayeishi na bibi yake kwenye kinu cha zamani cha kusaga. Ndani ya ukuta wa kinu mlikuwa na kiumbe mrefu, wa kijivu, mwenye masikio mapana kama sinia, asiye na mdomo. Msichana alimficha bibi yake jambo fulani. Ufa ukafunguka taratibu nyuma ya kitanda, kiumbe akatoka, akamwinamia.

Fundi akasimamisha picha. Akaikumbuka sukari. Akaifanya sauti yake nzito, akaiburuta kutoka kifuani. "Mimi ndiye Msikilizaji. Nakaa ndani ya kuta za nyumba zote. Anayedanganya namsikia, namfuata mpaka kwake, namchukua."

Kasuku hakubisha. Alisogea karibu na baba yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Anampeleka wapi?"

"Tutaona," alisema Fundi, kidole kikiwa juu ya rimoti.

Hawakuona. Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya Forodha, na kitu cha kwanza alichokutana nacho ni yale masikio, yamejaa kioo kizima. Akaamuru izimwe. Akasema hiyo si katuni, hiyo ni sura iliyochorwa kuzimu, akaitaka diski, akaivunja vipande juu ya goti lake. Fundi akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru. Jumatatu yake muuza diski alifunga kibanda akahama, maana Forodha alikuwa amepita kwake pia, na hivyo ikawa haipo tena njia ya kujua kama yule msichana wa kinu alichukuliwa au aliachwa.

Kasuku alibaki pale pale, kwenye ile picha iliyosimama.

Jumatano Forodha alirudi kumwona mtoto asiyeongea. Akamwekea mkono kichwani, akamwambia ataje jina la Mwokozi. Kasuku aliutazama ukuta, akafumba midomo mpaka ikawa myeupe. Mzee akamgeukia Fundi. Alisema pepo bubu anajulikana tangu enzi za Injili na dawa yake inajulikana. Mtoto asile kuanzia Jumamosi alfajiri, Jumapili ataletwa mbele ya kanisa. Aliyasema hayo bila ukali wowote, kama mtu anayepanga ratiba ya usafi.

Kila mtu anajua maana ya kuletwa mbele. Binti wa fundi viatu aliletwa mbele. Walimlaza sakafuni, wanaume wazima wakamshika kila kiungo, na kwaya ikaambiwa ipandishe sauti ili kilio kisiwasumbue wanaoabudu. Mpaka leo mkono wake mmoja hauinuki kupita bega. Wazee walipoulizwa, walisema ni alama ya jinsi pepo alivyotoka kwa shingo upande. Wakauita ushuhuda, na ushuhuda ule ukarekodiwa, ukauzwa mlangoni.

Kwa hiyo ile Ijumaa, Fundi alipokuja kula chakula cha mchana, mkewe hakupakua. Alimshika mkono akampeleka chumbani, akamwonyesha. Fundi aligusa sponji kwa ncha ya kidole. Aliijua: ilitoka kwenye masalia ya karakana yake.

"Anaziba masikio," mama alisema. "Siyo yake. Ya yule mdudu wenu."

Fundi akasema huenda ni pepo anayemtuma. Alilisema huku akitazama pembeni, na mkewe akaliacha lianguke lenyewe.

"Mtoto haongei kwa sababu anaogopa atadanganya. Ukiongea sana lazima utateleza mahali, na huyu anaongea kuliko watu wote. Amefunga bomba lote ili tone moja lisitoke. Nani alimwambia kuna mtu anasikiliza ukutani?"

"Ilikuwa kwenye katuni."

"Yule kiumbe hana mdomo, Baba Kasuku. Nilikuwa jikoni lakini nina macho. Ulimsikia wapi akisema?"

Fundi alikaa. Alisema alifanya kwa ajili ya roho ya mtoto, kwamba uongo ni uongo hata wa sukari, kwamba mzazi asipopanda hofu mapema atavuna aibu. Alisema mengi, na yote aliwahi kuyasema mbele ya wazazi wenzake yakapigiwa makofi. Chumbani humu hayakupigiwa. Mwisho akasema lile lililokuwa chini kabisa: akienda kwa Forodha na kukiri kwamba maneno yale ni yake, kwamba hakuwahi kuelewa katuni hata moja, basi yote aliyowafundisha watu yatakuwa udanganyifu uliofanywa kwa jina la Bwana. Benchi lilikuwa likimngoja.

"Na yeye sakafu inamngoja," mama alisema.

Akaenda kupakua. Fundi alibaki akiutazama ukuta upande wake wa kitanda, akijiuliza kwa nini mtoto amesokomeza sponji nyingi hivi kwake, mtu asiyekula sukari ya mtu.

Jumamosi asubuhi mama alimnywesha Kasuku uji, kikombe kizima, kisha cha pili. Hakuomba ruhusa. Alifunga kilemba, akamwambia mumewe kwamba yeye anaingia zamu kwa dobi, kwa hiyo mtoto ataenda naye karakana. "Na akiuliza kama amefunga," alisema, akimaanisha Forodha, "mwambie amefunga. Usijitie utakatifu leo." Fundi akaitikia kwa kichwa. Haikuwa kazi ngumu. Uongo wa kumlinda mwana hata malaika wangeupisha njiani, au ndivyo alivyojiambia wakiwa barabarani, Kasuku akitembea katikati ya njia, mkono wake mdogo umelowa jasho ndani ya wake.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichofunguka barabarani. Kochi la watu watatu lilisimama katikati likiwa mifupa mitupu, mbao na mikanda ya mpira. Springi zilikuwa bado kwenye gunia, kitambaa bado kwenye jora. Fundi alimketisha mtoto juu ya rundo la sponji, akaweka misumari midogo kati ya midomo kama mafundi wote wa kazi ile, akaanza kukaza mikanda.

Mwenye kochi hakukawia. Alikuwa mwuguzi, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akitoka zamu, na alisimama mlangoni akizitazama zile mbao.

"Fundi. Hili ndilo lililokuwa linakauka gundi juma lililopita?"

Fundi akatema misumari kiganjani. Akasema kwa sauti ile laini ambayo mafundi huzaliwa nayo kwamba hapana, mama, la kwako liko nyuma, limeshavalishwa, limebaki vifungo tu, njoo kesho kutwa ulichukue. Hili la mtu mwingine. Mwuguzi akasema kesho kutwa akilikosa atakuja kukaa hapo hapo juu ya mikanda, akaondoka zake.

Nyuma kulikuwa na ukuta. Hakukuwa na kochi lolote.

Fundi alikuwa anairudisha misumari mdomoni alipomwona Kasuku. Mtoto alikuwa ameteremka kwenye rundo. Alikuwa ananyofoa sponji kwa haraka, akaenda nayo mpaka ukutani, kule alikokuwa akiogopa kufika, na kuanza kuziba nyufa. Alipomaliza ufa mmoja alimtazama baba yake, akauendea mwingine. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayezoa maji kwenye mtumbwi wakati mwenzake anautoboa.

Fundi alihisi misumari imekuwa baridi mkononi. Ni mara ngapi mtoto huyu amekaa kwenye rundo lile, akisikia? Gundi inakauka. Kitambaa kiko njiani. Fundi wa vifungo anauguliwa. Siku zote alidhani maneno hayo ni sehemu ya kazi, kama vumbi. Kumbe kila jioni ya juma hili mwanawe alikuwa akirudi nyumbani kuhesabu alivyosema baba, na kumzibia ukuta upande anaolaza kichwa.

Akataka kumwita. Kabla jina halijamtoka, kivuli cha Forodha kilikuwa kimeshaingia karakana.

"Bwana asifiwe, Fundi."

"Amina, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee alikagua chumba kwa desturi yake, akamwona mtoto ukutani, akaona na sponji. Alitikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeikuta dalili aliyoitarajia. Akasema wazee wameshaarifiwa, kwaya imeshaandaliwa, kesho waje mapema wakae mbele. Kisha akauliza. "Mtoto amefunga?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa tayari. Fundi alifungua mdomo.

Kasuku alivuka chumba kizima mbio. Alirukia goti la baba yake, akaupachika mkono kwenye midomo yake kwa nguvu, mkono wenye harufu ya gundi na uji, akamng'ang'ania.

"Usiseme, Baba," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "Atakuchukua."

Forodha alirudi hatua nyuma, kiganja juu. "Umesikia? Pepo ameongea."

Na Fundi, akiwa na mkono wa mwanawe mdomoni, aliutazama uso wa mzee akaona jambo ambalo hakuwahi kulitazama, ingawa lilikuwapo hata siku zile za utotoni alipokuwa akiwaangalia kutoka benchini. Mzee alikuwa amefurahi. Macho yalikuwa yamemng'aa kama ya mtu aliyeletewa sahani. Hofu ikampanda Fundi kutoka nyayoni, na haikuwa ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa hofu ya kukaa nyuma. Hii ilikuwa ya kujua mtu huyu angefanya nini na mkono huu mdogo akiupata sakafuni.

Akautoa mkono wa mtoto taratibu, akaushika ndani ya wake.

"Amekunywa uji, mzee," alisema. "Vikombe viwili. Na hiyo sauti ni ya mwanangu, naijua."

Hakuishia hapo, maana alijua akiishia hapo atarudi nyuma. Akainuka, akamweleza yote palepale, kochi tupu likiwa kati yao: kwamba kiumbe hakusema, kwamba yeye ndiye aliyemsemea, kwamba lugha zile hakuwahi kuzijua, wala za sungura, wala za binti mfalme. Forodha alimsikiliza bila kumkatiza. Alipojibu, alijibu kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya.

"Nilikusimamisha mbele ya watu, Fundi. Nikasahau wewe ni mtoto wa nani." Akavuta koti lake. "Kesho mtoto utamleta. Na wewe mahali pako unapajua, hakuna haja ya kuonyeshwa."

"Mimi nitakuja," alisema Fundi. "Yeye haji."

"Wazee watakuja kumchukua nyumbani."

"Watanikuta mlangoni."

Mzee alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ukurasa, akatoka. Fundi alisikia viatu vyake vikienda polepole, bila haraka, viatu vya mtu anayejua kwamba Jumapili haina budi kufika. Jirani, mchongaji milango, aliwasha mashine yake, akaizima. Fundi akaketi chini kwenye nyuzi na vumbi la mbao.

Kasuku hakumtazama. Alikuwa akiutazama ukuta.

"Uliona mdomo wake, yule?" Fundi aliuliza.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi hakusema kitu. Nilisema mimi. Nilimtungia, kwa sababu ya sukari."

Kasuku alilipima jambo hilo. "Ulidanganya."

"Ndiyo."

Wakangoja, wote wawili. Fundi alishangaa kujikuta naye anausikiliza ukuta, shingo imemkakamaa, kana kwamba sauti aliyoitoa kifuani mwake Jumamosi ile ilikuwa imeingia kweli mahali fulani ikapata makao. Plasta ilikuwa plasta. Mjusi alipita. Hakuna kilichofunguka.

"Na yule msichana," Kasuku aliuliza. "Alimchukua?"

"Sijui. Sikuona mwisho."

Mtoto akamgeukia. Hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake, na alimchunguza uso kama anayekagua kama kuna lingine nyuma yake. Kisha akasogea, akakaa kwenye nyuzi karibu na goti la baba yake. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, moja moja, yakigongana mlangoni.

"Na Mungu je?"

"Mungu vipi?"

"Yale unayosema Mungu kasema. Nisifanye hivi, nifanye vile, atakasirika, atacheka. Kasema mwenyewe? Au na yeye unamsemea?"

Fundi akavuta pumzi. Ile sauti nzito ilikuwa tayari kifuani, ile isiyokosa jibu, ile iliyopigiwa makofi. Ilipanda mpaka kooni ikamngoja. Akaiacha hapo. Ikakaa, ikashuka.

"Mengine kasema," alijibu. "Mengine mimi."

"Yapi?"

Alitaka kuanza na lile jepesi kuliko yote, ili mtoto apate pa kushika. Akalitafuta. Barabarani watu walikuwa wakipita na shughuli zao za Jumamosi, na mahali fulani kati yao Forodha alikuwa akienda kuwaambia wenzake. Fundi akaanza kuyachambua kichwani, moja baada ya lingine, haya ya Mungu, haya yangu, haya ya Forodha, haya ya waliomketisha mama, na kadiri alivyoendelea ndivyo rundo la maneno ya watu lilivyokua haraka kuliko lile la Mungu, na Kasuku alikuwa bado anangoja.